Mama, Jikinge Njiani: Akili, Sauti, Miguu, Kisha Mikono

Kama una omena za kuchambua, endelea kuchambua huku ukisikiliza, kwa maana mada ya leo inamhusu kila mtu anayetembea kwa miguu yake kutoka nyumbani hadi ufuoni, sokoni, shuleni au kanisani, na kurudi. Leo tunazungumza juu ya kujikinga na watu wanaotushambulia njiani.

Pengine unajiuliza, muuguzi ana nini na mambo ya kupigana? Hiyo si kazi ya polisi? Ni kweli, kukamata wahalifu ni kazi ya polisi. Lakini majeraha huletwa kwetu. Huja mama aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kung'ang'ania mkoba wenye pesa za samaki. Huja msichana anayesema tumbo linamuuma, na ni baada ya kukaa naye kwa subira ndipo unapojua yaliyompata alipotumwa dukani jioni. Malaria tunaikinga kwa chandarua, surua tunaikinga kwa chanjo. Jeraha la njiani nalo lina kinga yake, na kinga hiyo inafundishika.

Shika jambo moja tu katika mazungumzo haya: kujikinga hakuanzi na ngumi. Kunaanza na akili, kisha sauti, kisha miguu. Mikono huja mwisho. Ukifuata mpangilio huo, hata mama mjamzito anaweza, na hata nyanya wa miaka 70 anaweza.

HATARI IKO WAPI?

Hapa kwetu Luanda Kotieno siku huanza mapema. Mitumbwi ya omena iliyokesha ziwani na taa zake hurudi alfajiri, na mama anayetaka samaki wazuri huwa amesimama ufuoni kabla jua halijatoka. Mwingine anawahi feri ya kwenda Mbita. Mwingine anawahi matatu ya Ndori ili aendelee hadi Bondo au Kisumu. Wote hawa wametembea gizani, na wote wamebeba pesa mkononi au ndani ya simu. Mtu mwenye nia mbaya anaijua ratiba hiyo kama wewe unavyoijua.

Washambuliaji ni wa aina mbili, na ni muhimu kuwatofautisha. Wa kwanza anataka mali yako: simu, mkoba, pesa. Wa pili anataka mwili wako. Anayetaka mali mara nyingi ni mtu usiyemjua. Anayetaka mwili mara nyingi ni mtu unayemjua: jirani, rafiki wa kaka yako, mpenzi, mwendeshaji wa boda boda wa kila siku, au mvuvi anayetaka "jaboya", yaani mwili wa mama kabla ya kumuuzia samaki.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15, na 13 wamewahi kudhulumiwa kingono. Kwa hiyo tusimfundishe binti kuogopa mgeni wa kichakani peke yake. Tumfundishe kukataa uovu hata kama anayeuleta anajulikana na kusalimiwa na kila mtu.

JE, MAFUNZO HAYA HUSAIDIA KWELI?

Ni swali zuri. Wengi husema mwanamke hana nguvu za kumshinda mwanamume, basi afadhali anyamaze asije akauawa. Tuangalie yaliyotokea Nairobi.

Katika mtaa wa Korogocho, kina nyanya walichoka kuvamiwa na vijana wenye umri wa wajukuu wao. Wakaanza kukutana na kufundishana namna ya kujikinga, na kundi lao likajulikana kama Shosho Jikinge. Hao ni wanawake wenye magoti yanayouma na macho yasiyoona mbali. Hawakujifunza kurukaruka kama katika sinema. Walijifunza kupaza sauti, kupiga mahali penye udhaifu, na kuondoka.

Katika mitaa ya namna hiyo hiyo ya Nairobi, wasichana wa shule za sekondari walifundishwa kwa wiki 6 kutambua hatari, kusema hapana kwa sauti, na kujikomboa wakikamatwa. Watafiti waliwafuatilia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kabla ya mafunzo, karibu msichana 1 kati ya 4 alikuwa amedhulumiwa kingono katika mwaka uliotangulia. Miezi 10 baada ya mafunzo, idadi ilishuka hadi chini ya msichana 1 kati ya 10. Kwa wale ambao hawakupata mafunzo hayo, idadi ilibaki karibu pale pale. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wameyatumia waliyojifunza kumzuia mtu. Huko Canada nako, utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu 3 na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanafunzi wa kike waliopata mafunzo kama haya walibakwa kwa uchache karibu nusu ya wenzao wasiofundishwa.

Kwa hiyo kunyamaza hakutulindi jinsi tulivyoambiwa. Sasa tuingie katika mafunzo yenyewe.

KWANZA: AKILI

Shambulio nyingi huwa na dakika ya maandalizi. Mtu hukuangalia kwanza. Huangalia kama umeshughulika na simu, kama uko peke yako, kama mikono yako imejaa. Halafu hukusogelea kwa kisingizio: anauliza saa, anaomba kiberiti, anakusalimu kwa jina asilolijua vizuri. Ukimwona katika dakika hiyo, nusu ya kazi umeimaliza.

Kwa hiyo, mama, ukitoka gizani weka simu ndani ya nguo na usiweke vidude vya muziki masikioni. Beba tochi mkononi. Tembea upande wa barabara unaokuwezesha kuona magari na pikipiki zikija mbele yako, si nyuma yako. Pesa zigawe: chache ziwe mahali rahisi kutoa, nyingi ziwe mahali pengine mwilini. Funga leso isikuzuie kukimbia. Panga na wenzako kuondoka pamoja kwenda ufuoni. Kina mama watatu wakitembea pamoja ni ulinzi usiogharimu hata shilingi.

Ukipanda boda boda, mchague unayemfahamu au wa steji inayojulikana. Piga simu nyumbani huku mwendeshaji akisikia, useme uko wapi na namba ya pikipiki ni ipi. Mtu aliyesikia namba yake ikisomwa hufikiri mara mbili.

Jambo la mwisho juu ya akili: amini moyo wako. Nywele zikisimama, usijiambie "labda namdhania vibaya mtoto wa watu." Vuka barabara, ingia dukani, rudi ulikotoka. Ukiwa umekosea, hukumuumiza mtu. Ukiwa hukukosea, umejiokoa.

PILI: SAUTI

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa msichana mwenye adabu hapazi sauti. Mshambuliaji anaijua adabu hiyo na anaitegemea. Sauti ni silaha ya kwanza kwa sababu anachokiogopa sana ni kuonekana.

Mtu akikukaribia usivyotaka, simama miguu ikiwa imeachana kidogo, mguu mmoja mbele. Inua mikono yote miwili hadi usawa wa kifua, viganja vikimwelekea yeye, kama mtu anayesema "pole pole ndugu yangu." Mikono hiyo haimtukani mtu, lakini tayari inalinda uso wako. Kisha sema kwa sauti inayotoka tumboni, maneno machache: "Simama hapo! Usinikaribie! Rudi nyuma!" Usiombe, usieleze sababu, usitabasamu. Tabasamu la woga hueleweka kama ruhusa.

Akiendelea, piga nduru. Ukiona watu, usipige kelele hewani tu. Mtaje mtu mmoja: "Wewe mwenye shati jekundu, nisaidie! Mama wa duka, nimeshambuliwa, piga simu!" Watu wengi wakiitwa kwa pamoja kila mmoja humngoja mwenzake. Akitajwa mmoja, huamka.

Hapa kuna jambo ambalo lazima tuambiane ukweli. Tumezoea kupaza "Mwizi! Mwizi!" Neno hilo hukusanya watu haraka, lakini pia limewaua watu, na wengine hawakuwa na hatia. Mama, aliyeuawa kwa mawe leo asubuhi anaweza kuwa mtoto wa mwenzako aliyekuwa anakimbilia matatu. Afadhali upaze "Niokoeni! Ananishambulia! Niache!" Na ukiwa wewe ndiwe umefika kusaidia, mzuieni mhalifu, muiteni polisi au chifu, wala msimchome. Kuua mtu aliyekwisha kukamatwa ni kosa la jinai, hata mkiwa mia.

Sauti ni muhimu zaidi kwa mtu unayemjua. Mvuvi akikutajia jaboya, sema hapana mbele ya wenzako, kwa sauti wanayoisikia. Kijana wa jirani akimshika binti yako mkono kwa mzaha, binti aseme "Toa mkono wako," si kucheka. Mzaha unaokataliwa mapema mara nyingi haufiki kwenye uovu.

TATU: MIGUU

Lengo la kujikinga si kushinda. Lengo ni kufika nyumbani. Ikiwa njia ya kukimbia ipo, kimbia. Kimbilia penye mwanga na watu: steji, duka, nyumba yenye taa, ufuoni kwenye wanunuzi wa omena. Usikimbilie kichakani wala ukingoni mwa maji kusikokuwa na mtu.

Akitaka mali tu, mpe. Tupa mkoba upande mmoja, wewe kimbilia upande mwingine. Atachagua mkoba. Najua inauma. Pesa hizo ni za chama, ni karo, ni mtaji wa wiki nzima. Lakini simu hununuliwa tena, na chama kinaweza kukuvumilia mwezi mmoja. Mama aliyechomwa kisu haponi kwa kuvumiliwa.

Na beseni lililo kichwani? Liache lianguke. Tumezoea kulilinda kwa mikono yote miwili hata tukiwa hatarini. Samaki wakimwagika chini, mikono yako ni huru na njia ya mshambuliaji imejaa utelezi. Acha beseni, acha ndala zilizolegea, kimbia.

NNE: MIKONO

Tunafika kwenye mikono pale tu sauti imeshindikana, njia ya kukimbia imezibwa, na anachotaka si mkoba bali wewe. Hapo usipigane kidogo kidogo. Fanya jambo moja kwa nguvu zako zote, kisha kimbia.

Usitumie ngumi. Mifupa ya vidole ni midogo na huvunjika kwa urahisi ikigonga fuvu la kichwa. Tumia sehemu ngumu za mwili wako: kitako cha kiganja, kiwiko, goti na kisigino. Na usipige kifua wala mabega yake, kwa maana hapo ana nguvu. Lenga mahali ambapo hakuna mazoezi yanayopafanya pawe pagumu: macho, pua, koo, sehemu za siri, mfupa wa mbele wa mguu, na juu ya wayo.

Akikushika kifundo cha mkono, usivute tu kuelekea nyuma kama watoto wanaovutana kamba. Angalia mkono wake. Vidole vinne viko upande mmoja, na kidole gumba kiko peke yake upande mwingine. Mlango uko pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Zungusha mkono wako hadi ubavu wake mwembamba uelekee mlango huo, kisha ukunje kiwiko na kuuchomoa kwa nguvu ya mwili mzima, kwa mara moja. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kujifungua hivyo kutoka kwa mtu mzima.

Akikupiga ngeta, yaani kukukaba shingo kwa mkono kutoka nyuma, jua kwamba muda ni mfupi. Shingo ikibanwa, damu haifiki kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzirai katika sekunde kama 10. Jambo la kwanza si kupiga. Jambo la kwanza ni hewa. Geuza kidevu chako kuelekea kiwiko chake na ukiinamishe, kisha shika mkono wake kwa mikono yako yote miwili na uuvute chini. Ukipata pumzi, mkanyage juu ya wayo kwa kisigino, mpige kiwiko cha tumbo, piga nduru, jichomoe.

Akija na kisu au bunduki, hakuna mbinu ya redioni ya kumnyang'anya. Mpe mali, ongea naye kwa upole, angalia mikono yake wala si macho yake, na ukimbie nafasi ikipatikana. Wala usibebe kisu chako mwenyewe ukidhani kitakulinda. Silaha uliyobeba inaweza kunyang'anywa na kutumiwa dhidi yako. Tochi na filimbi zinatosha.

Sheria ya Kenya inakuruhusu kutumia nguvu kujilinda, mradi nguvu hiyo ilingane na hatari uliyomo. Hatari ikiisha, nawe acha. Ukimwangusha, usirudi kumkanyaga. Kimbia.

MWILI UKIGANDA

Kuna mtu anayesikiliza sasa hivi na kusema moyoni, "Mbona mimi sikupiga kelele siku ile? Mbona nilisimama tu kama mti?" Mama, dada, nisikilize. Mwili wa binadamu ukipatwa na hofu kubwa unaweza kuganda. Sauti hukauka, miguu hukataa. Ndivyo mwili ulivyoumbwa. Si udhaifu wako, na wala si ishara kwamba ulikubali. Mafunzo haya hupunguza kuganda, lakini hayampi mtu yeyote haki ya kukulaumu. Mwenye kosa ni aliyeshambulia, si aliyeshambuliwa, hata kama ulikuwa peke yako, hata kama ilikuwa usiku.

WAFUNDISHE WATOTO, NA WAVULANA PIA

Mtoto mdogo mfundishe majina halisi ya sehemu zake za mwili, ili akiguswa aweze kusema ni wapi. Mwambie hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima ambayo mama hapaswi kuijua. Mpe watu watatu wa kuwaambia: mama, nyanya, mwalimu anayemwamini. Na akikwambia, usianze na "Ulikuwa unafanya nini huko?" Anza na "Asante kwa kuniambia."

Lakini tusiwafundishe wasichana kujikinga huku tukiwaacha wavulana walelewe na vijiwe. Mwana wako anahitaji kusikia kutoka kinywani mwako kwamba hapana ya msichana ni hapana, na kwamba rafiki anayemvuta msichana gizani anapaswa kuzuiwa, si kushangiliwa. Huko Nairobi wavulana nao walipewa mafunzo yao, kwa sababu kinga ya kudumu ni kumfanya mshambuliaji asizaliwe kwetu.

BAADA YA TUKIO

Hapa ndipo muda una thamani kuliko pesa. Tuanze na majeraha.

Jeraha linalotoka damu sana, likandamize kwa kitambaa safi au leso iliyokunjwa, kwa nguvu, bila kuachia achia ili kuchungulia. Kisu kikibaki mwilini, usikichomoe. Kizungushie nguo kisitikisike, umpeleke hospitali. Aliyepigwa kichwani akaanza kutapika, kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa au kutokwa na maji au damu puani na masikioni, apelekwe hospitali mara moja hata kama usiku umeingia. Aliyekabwa shingo apimwe hata kama hana alama, kwa maana koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Mama mjamzito aliyepigwa au kuanguka apimwe hata kama haoni maumivu wala damu.

Kama mtu amebakwa, kumbuka namba hizi mbili: saa 72 na saa 120. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, yaani siku 3, na humezwa kwa siku 28. Kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura hutolewa ndani ya saa 120, yaani siku 5, nayo pia ni bora ikiwahi. Kuna pia kinga ya magonjwa ya zinaa na ya homa ya ini.

Asioge, asijisafishe sehemu za siri, asibadilishe nguo akiweza. Akizibadilisha, zifungwe katika gazeti au bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa maana plastiki huozesha ushahidi. Nenda kituo cha afya kwanza. Huhitaji kupita polisi ndipo utibiwe. Hapo itajazwa fomu ya hospitali ya ushahidi, na baadaye polisi watakupa fomu ya P3. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inalinda wanawake, wanaume na watoto pia, na matibabu ya aliyebakwa katika hospitali ya serikali ni bure. Kwa wanaofika Kisumu, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi wetu tunayoiita Russia, ina kitengo maalumu cha kuwahudumia.

Namba za simu za bure ni hizi, zikate uzibandike mlangoni: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa mtoto aliye hatarini, 999 au 112 kwa polisi.

Na tafadhali, kesi ya mtoto aliyebakwa isimalizwe nyumbani kwa mbuzi na pesa za wazee. Mbuzi huliwa siku moja. Mtoto huyo atamwona mtu huyo njiani kila siku, na mtu huyo atamtafuta mtoto mwingine.

MAZOEZI YA DAKIKA 15

Kusikia hakutoshi. Chanjo iliyobaki ndani ya chupa haimkingi mtu. Siku ya chama, kabla ya kuhesabu pesa, tengeni dakika 15. Simameni wawili wawili. Mmoja asogee, mwingine ainue viganja na kusema "Simama hapo!" kwa sauti ya tumboni. Mwanzoni mtacheka. Chekeni, kisha rudieni. Halafu shikaneni vifundo vya mikono, kila mmoja ajichomoe mara 10 kupitia kwenye kidole gumba, mkono wa kulia na wa kushoto. Mwisho, mmoja ashike mto mbele ya kifua, mwingine aupige kwa kitako cha kiganja huku akipaza sauti. Msipigane usoni wala msikabane shingo kwa mazoezi. Fanyeni hivyo kila mkikutana, na mwili utajifunza hata pale akili inapoogopa.

YA KUKUMBUKA

Akili: ona mapema, tembeeni pamoja.
Sauti: maneno machache, kwa nguvu, mtaje mtu.
Miguu: tupa mali, kimbilia penye watu.
Mikono: mwisho kabisa, mahali penye udhaifu, kisha kimbia.
Baada ya tukio: kituo cha afya, ndani ya saa 72.

Mwambie jirani ambaye hana redio, na umsomee asiyejua kusoma. Juma lijalo tutazungumza juu ya maji safi ya kunywa kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa. Mpaka hapo, fika nyumbani salama.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni sehemu gani za njia yetu ya kwenda ufuoni zenye giza au vichaka? Nani anaweza kutembea na nani?
2. Mtu akipiga nduru usiku hapa kijijini, tumekubaliana nani atoke, na atoke na nini?
3. Binti akituambia amedhulumiwa na mtu tunayemheshimu, tutafanya nini ndani ya saa ya kwanza?
4. Tumewaambia nini wana wetu wa kiume juu ya neno hapana?